Maneno Arobaini ya Rehema

Nilijua. Naliweka neno hilo mwanzoni kabisa kwa sababu najifahamu: nikianza na hali ya hewa, nitafika ukurasa wa mwisho bado nazungumzia mawingu. Kwa karibu miaka thelathini nimesema sikujua. Nilimwambia hivyo Mama Zainabu jikoni kwake, nikawaambia wenzangu wa chuo kikuu, nikawaambia wasomaji wa makala moja iliyonipatia sifa kidogo, na mwaka huu nilikaribia kulisema tena msibani, mbele ya wanawake waliokaa kwenye mikeka. Nilijua kwamba Rehema alikuwa hasomi. Nilijua siku ile mjomba wake aliponiuliza, mkono wake ukiwa tayari umeingia kwenye mfuko wa shati, na mimi nikamjibu kwa neno moja.

Mama Zainabu alizikwa Jumanne kabla ya alasiri, nami nikafika Koboko Alhamisi, kwa desturi yangu ya kufika mambo yakiwa yameshafanywa na watu wa maana. Barabara ya kutoka Arua siku hizi ni lami, mtu hana hata vumbi la kusingizia. Nilikuta turubai bado limefungwa uani, sufuria kubwa za wali zinasuguliwa kwa mchanga, na wanawake wanazungumza kwa ile sauti ya siku ya tatu, ambayo si ya kilio tena lakini bado haijawa ya umbea. Rehema ndiye aliyenitambua. Ana duka la jumla karibu na soko, ana mabega mapana na simu mbili mkononi, na ndiye sasa anayeishikilia ile shule ndogo ya Mama Zainabu isife pamoja na mwenyewe. Alikuwa amemshika begani binti yake wa miaka sita. "Huyu ndiye ticha alinifundisha mimi kusoma," aliwaambia wale wanawake, nao wakaguna kwa heshima na kunisogezea chai. Nikaipokea chai, nikaipokea na heshima. Kisha akaniinamia. "Ticha, huyu wangu, kusoma hapana shika. Shuleni wanasema iko sawa, lakini mimi naona haiko sawa. Likizo nataka nimulete kwako Mvara, kule Arua. Wewe unajua hii kazi." Nilimwambia niangalie kwanza ratiba yangu. Ratiba yangu ya mwezi huo ilikuwa na daktari wa meno peke yake.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa nilipokwenda Koboko mara ya kwanza, kufundisha katika shule ya Mama Zainabu. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nasubiri chuo kikuu kifungue milango baada ya Septemba, na nilikuwa na maoni kuhusu kila kitu. Hasa nilikuwa na maoni kuhusu Kiswahili. Nilikuwa nimejifunza kutoka kitabu cha sarufi kilichosahauliwa katika maktaba ya shule yetu, kitabu kisicho na jalada wala mwandishi, na matokeo yake nikawa nasema Kiswahili ambacho hakuna mtu wa West Nile, kona yetu hii ya Uganda, aliyewahi kukihitaji. Wiki ya kwanza nilimwambia mwenye duka, "Samahani, ningependa kupata chumvi kidogo, tafadhali." Alinitazama, akaenda mlango wa nyuma, akamwita mkewe aje asikie. Nikalirudia ombi langu. Mke alinipa chumvi na pole.

Shule ilikuwa chumba kimoja kirefu kilichowahi kuwa ghala la tumbaku. Tumbaku iliondoka miaka mingi kabla, lakini harufu yake ilibaki ndani ya matofali, na mvua ikinyesha ilitoka upya, tamu na kali, watoto kumi na sita wakaanza kupiga chafya kwa zamu. Madirisha yalikuwa mawili, yote upande mmoja, kwa hiyo asubuhi nusu ya darasa ilikuwa na mwanga na nusu nyingine ilisoma kwa imani. Mimi nililala chumba cha nyuma, ukuta mmoja na jiko, na ukuta huo haukufika kwenye mabati. Moshi ulipita juu yake, harufu za vyakula zilipita, na maneno yote ya jikoni yalipita. Nimesoma vyuo viwili baada ya hapo, lakini sidhani kuna mahali niliposikia mengi kwa karo ndogo kama nilivyosikia juu ya ukuta ule.

Mama Zainabu alikuwa mjane wa askari. Alikuwa ameishi kwenye kambi za miji ambayo hata mpangilio wake hakuukumbuka, akazaa katika mitatu kati ya hiyo, na Kiswahili chake kilikuwa cha kambi: kifupi, kilichonyooka, kisichongoja jibu. Asubuhi alitupikia gurusa, zile chapati nyembamba za Wanubi zinazochovywa kwenye chai ya tangawizi. Mchana, kwa ajili yangu mgeni wa kutoka Arua, alisonga enyasa, ule ugali wetu mweusi wa mtama na muhogo, akauleta na majani ya kunde yaliyopikwa kwa karanga au na angara, dagaa wakavu aliowanunua kwa mama yake Rehema. Siku ya kwanza, kabla sijamaliza tonge la tatu, alinieleza sera ya elimu ya shule yake. "Hapa mutoto wa Kakwa iko, wa Nubi iko, wa Lugbara iko, wa Kongo iko," alisema, akikunja kidole kimoja baada ya kingine. "Kila mutu na lugha ya mama yake. Lakini wakicheza, wote nacheza kwa Swahili. Basi tutasoma ile ya kucheza." Tangu hapo nimesoma ripoti nene kuhusu lugha ya kufundishia watoto wadogo. Sijakutana na sababu bora kuliko hiyo.

Watu wengi huniambia kwamba Kiswahili ni chepesi kusoma kwa sababu kinaandikwa kama kinavyotamkwa: mpe mtoto ba, be, bi, bo, bu, atafika mwenyewe. Nilidhani hivyo pia, kwa wiki mbili. Kisha nikawasikiliza watoto wale wakipanda sentensi kama mlima. Walitamka kila silabi kwa nguvu zao zote, hata "na", hata "ya", hata "kwa", na walipofika mwisho hawakukumbuka mwanzo ulisema nini. Pumzi yote ilikuwa imekwisha kwenye yale maneno madogo ambayo hayana hata nyama. Nikaona kwamba mtoto anahitaji kuyajua maneno hayo kwa kuyatupia jicho tu, kama anavyomjua shangazi yake kwa mbali, ili nguvu zibaki kwa maneno makubwa yanayostahili kupiganiwa. Nilikaa na daftari nikahesabu maneno waliyoyatumia zaidi wakicheza. Nikapata arobaini. Hilo nalikumbuka kwa fahari hadi leo, na ni fahari halali. Makosa yalianza baadaye kidogo.

Kati ya hayo arobaini, moja nililikataa. Watoto wote walisema "iko" kwa kila kitu: mwalimu iko, mvua iko, njaa iko. Kitabu changu kisicho na jalada hakikuruhusu. Mama Zainabu alisimama mlangoni akitazama kadi za maneno nilizozipanga sakafuni, akauliza, "Na 'iko' iko wapi?" Nikamweleza kwamba si Kiswahili sanifu. "Neno mutoto anasema mara mia kabla ya chai, wewe unalikataa?"

"Si sanifu, Mama."

"Huyo Sanifu hatumujui hapa," alisema. "Andika."

Nikaandika. Kadi zenyewe nilizikata kutoka maboksi matupu ya dukani. Upande wa ndani, ule wa kahawia, ulikuwa unanyonya wino hadi herufi zikavimba na kuwa kama wadudu, kwa hiyo niliandika upande wa nje unaong'aa, mahali popote palipokuwa na nafasi kati ya rangi na picha. Boksi la sabuni lilitoa kadi nne zenye mstari wa bluu. La majani ya chai lilitoa tatu nyekundu. Kulikuwa na la mafuta ya kupikia, la biskuti, la betri, la viberiti, na moja lenye nusu ya uso wa mtoto anayecheka, ambalo niliandika "leo" kwenye shavu lake. Nilimwandikia rafiki yangu barua kumweleza ubunifu huo. Nilitumia neno "ubunifu" mara mbili.

Kisha nikawaundia mchezo. Koboko ni mji wa soko. Magari ya Kongo na ya Sudan yanakutana pale, na watoto wale walikuwa wamejifunza kutambaa kati ya magunia. Kwa hiyo tulicheza soko. Nusu ya darasa ilikaa chini na kutandaza kadi juu ya viroba, kama akina mama wanavyopanga mafungu ya angara, na nusu nyingine ikapita kununua. Ukitaja neno, kadi ni yako. Ukikosea, unakaa chini uwe muuzaji. Kelele zilifika barabarani. "Mama, hii 'sana' ni ya leo ama ya jana?" mmoja angeuliza kwa sauti ya mnunuzi mgumu, na muuzaji wa miaka mitano angejibu, "Iko mubichi, mama, nusa." Na kila siku, kabla ya chai, Rehema alikuwa amenunua soko lote. Alikuwa na miaka sita, kimya, kichwa kimenyolewa, mikono inanuka dagaa kwa sababu alimsaidia mama yake kuwapanga kabla ya shule. Hakukosea hata mara moja. Nilimwita ahadi ya taifa; nilikuwa na miaka kumi na tisa.

Jioni moja ya mwezi wa Aprili nilisikia, juu ya ukuta wangu, mama yake Rehema akizungumza na Mama Zainabu. Walikuwa wanachambua mchele, nilisikia sinia.

"Kaka yangu Sajini nasema atachukua mutoto moja tu," mama yake Rehema alisema. "Akisoma, anaingia darasa la kwanza Arua, muhula wa pili, anakaa kwake. Kama hapana soma, atachukua yule wa dada yetu mukubwa."

"Wako anasoma. Ticha nasema iko wa kwanza."

"Ticha mwenyewe iko mutoto."

"Mutoto mwenye kichwa," alisema Mama Zainabu, na mimi nikavimba gizani mwa chumba changu kama andazi. "Huyo Sajini aje Ijumaa. Aje asikie."

Kesho yake, Jumatatu, nilikwenda kununua chumvi. Nilikuwa nimeshajifunza kusema "Lete chumvi." Rehema alikuwa ametumwa pale pale na mama yake, amesimama na mdogo wake wa miaka mitatu mbele ya rafu. Mwenye duka alikuwa amepokea mzigo, maboksi mapya yamepangwa hadi darini. Rehema alikuwa anamfundisha mdogo wake. Aliinua kidole kuelekea boksi zima la sabuni, lenye mstari wake wa bluu na bila neno langu hata moja, akasema, "Hii iko 'kwa'." Akahamisha kidole kwenye majani ya chai. "Hii 'yangu'." Kwenye biskuti. "Hii 'sana'." Mtoto akarudia: kwa, yangu, sana. Walisoma rafu yote. Kadi nne za bluu alizitofautisha, baadaye nilikuja kuelewa, kwa mahali mstari ulipokatwa: juu, chini, kati, pembeni. Mtoto wa sokoni anazijua bidhaa kabla hajajua jina lake mwenyewe, na mimi nilikuwa nimemuuzia bidhaa. Herufi zangu, kwake, zilikuwa uchafu uliomwagikia boksi.

Niliweka chumvi juu ya meza ya duka na kusahau kuichukua. Jioni ile nilitafuta karatasi ya manila, nyeupe pande zote, nikaikata kadi arobaini zinazofanana, nikaandika maneno yale yale kwa mkono ule ule. Jumanne, baada ya wengine kwenda, nilimweka Rehema kwenye benchi upande wa mwanga na kumwonyesha moja moja. Alishika mbili. Alizitazama nyingine kwa adabu, kama mtu anayetambulishwa kwa wageni, na kila nilipogeuza nyingine alinitazama usoni kuona kama amekosea. Nilimwambia, "Basi, nenda nyumbani." Nilikuwa na Jumatano na Alhamisi. Mwalimu mzuri angeenda kwa Mama Zainabu usiku huo huo na kusema: nimekosea, nipeni muhula mmoja. Nilikwenda jikoni, nikakuta Mama anawaeleza majirani kwamba Ijumaa mtu anatoka Arua kuja kusikia mtoto wake akisoma. Nilikula enyasa yangu. Nikajiambia kwamba mtoto atajifunza akifika. Kwamba nikisema ukweli, nafasi itakwenda kwa binamu. Kwamba namtetea yeye. Hayo yote yalikuwa na chembe ya kweli, ndiyo maana yaliniridhisha. Lakini kilichonizuia hakikuwa nafasi ya Rehema. Nilikuwa siwezi kuvumilia kuonekana nimeshindwa na maboksi. Zile kadi nyeupe nilizifunga kwa uzi na kuziweka chini ya godoro.

Sajini alikuja Ijumaa asubuhi, mtu mfupi mwenye shati lililopigwa pasi hadi mikunjo ikasimama. Alistaafu jeshi zamani lakini jeshi lilikuwa bado halijamstaafu yeye. Alikaa kwenye benchi la watoto, magoti yakamfika kifuani, hakucheka wala hakuturuhusu tucheke. "Anza," alisema. Rehema akachukua kadi zangu za maboksi, akasoma zote arobaini. Sajini alizikusanya, akazichanganya kama karata, akamrudishia. Akasoma tena arobaini. Mama yake alikuwa amesimama mlangoni, beseni la dagaa bado liko kichwani, kwa sababu alisahau kulishusha. Mama Zainabu alikuwa anatazama dari kwa utulivu wa mtu ambaye hana haja ya kutazama. Ndipo Sajini akanigeukia mimi.

"Ticha. Huyu nasoma kweli, ama nakariri?"

Mkono wake wa kulia ulikuwa umeingia kwenye mfuko wa shati, na kupitia kitambaa cheupe niliona karatasi iliyokunjwa na wino wake. Alikuwa ameandika maneno yake mwenyewe. Hakuwa mjinga, alikuwa askari, alijua kwamba gwaride si vita.

"Anasoma," nikasema.

Mkono ukatoka mtupu. "Basi," alisema. "Mwalimu akisema, imetosha." Akasimama, akanyoosha mikunjo, akampa mkono Rehema kama mtu mzima. Sikumtazama Rehema. Nilijishughulisha na kukusanya kadi. Mchana huo Mama Zainabu alichinja kuku.

Rehema akaenda Arua muhula wa pili ulipofunguliwa. Mwezi wa saba Mama Zainabu alikwenda Arua kumwona dada yake, na aliporudi hakuvua hata viatu. Alinikuta jikoni nachochea moto. "Wamemurudisha Rehema kwa watoto wadogo," alisema. "Walimupa kitabu, akasoma picha. Ticha wake nasema hajui hata 'a'. Wewe ulijua?"

"Sikujua, Mama."

Nikaongeza kwamba shule za mjini zinafundisha kwa Kiingereza, kwamba mtoto akibadilishiwa lugha ghafla huchanganyikiwa, kwamba jambo hilo linajulikana. Nilieleza vizuri sana. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kugundua kwamba naweza kusema uongo kwa aya nzima, na kwa bahati mbaya nilikuja kuifanya kazi ya maisha: miaka kadhaa baadaye niliandika makala kuhusu mtoto mmoja wa Koboko aliyevunjwa moyo na mabadiliko ya lugha, na wahariri walisema ina uchungu wa kweli. Mama Zainabu alivua viatu, akaviweka karibu na mlango, akasema, "Iko watoto kumi na tano wamebaki." Akaenda kuswali.

Kwa hao kumi na watano sikuweka kitu chochote chini ya godoro. Nilichoma kadi za maboksi jikoni, zilinuka sabuni. Nilitoa zile nyeupe, na hata hizo sikuziamini. Neno moja niliandika kwa chaki mlangoni, nikaliandika kwa kijiti kwenye mchanga, nikamwambia Mama Zainabu aliandike kwa mkono wake uliopinda, nikawaambia watoto waliandike wenyewe wao kwa wao. Tulikusanya magazeti yaliyofungia dagaa, yenye mafuta na magamba, tukawinda "na" na "kwa" humo kama watu wanaotafuta chawa, na aliyepata kumi alipewa kipande cha muhogo. Sikukubali kwamba mtoto anajua neno mpaka alitambue mahali panne tofauti, na pamojawapo pawe mahali ambapo sikumpeleka mimi. Tuliacha kusoma neno peke yake. Kila neno dogo lilipewa kazi ndani ya sentensi iliyosema jambo ambalo mtoto mwenyewe amelisema. "Mvua iko na mama iko sokoni." Ilichukua muda mrefu kuliko soko letu la kelele. Haikuwa na kitu cha kumwonyesha mgeni. Lakini mwezi wa Septemba Mama Zainabu alichukua gazeti ambalo hakuna mtu alikuwa ameliona, akalipitisha kwenye mabenchi, na watoto kumi na watano wakasoma kila mmoja mstari wake, wakikwama kwenye maneno makubwa na kuyapita madogo bila kuyatazama. Silisemi hilo kwa unyenyekevu. Walisoma. Nimefundisha watu wazima tangu hapo, nimewafundisha walimu wenyewe, na kila ninachojua kuhusu kazi hii nilikijua mwezi ule katika ghala la tumbaku. Ninajua pia nilikinunua kwa bei gani, na ni nani aliyelipa.

Niliporudi Mvara kutoka msibani nilikaa siku nne bila kumpa Rehema jibu. Kila asubuhi niliandika ujumbe, nikausahihisha, nikaufuta. Mmoja ulikuwa na nukta mkato. Nilifikiria kumwambia nina kazi nyingi. Nilifikiria kumpokea mtoto, kumfundisha kwa njia nzuri ninayoijua, na kulipa deni kimyakimya bila kulitaja, jambo ambalo watu wa aina yangu hulipenda sana. Jumapili, watu wa nyumbani wakiwa kanisani na mimi nikiwa nimebaki na kisingizio cha goti, simu ikalia.

"Ticha, shikamoo. Ratiba nasema nini?"

Nilimwambia marahaba. Nilimwambia ratiba haina neno. Kisha nikasema, haraka, kwa sababu nilisikia sentensi ndefu inakuja na nilitaka kuitangulia: "Rehema, kabla hujamleta mtoto, sikiliza. Siku ile Sajini aliponiuliza kama unasoma, nilijua husomi. Nilijua tangu Jumatatu."

Nyuma yake nilisikia mtu anauliza bei ya sukari. Alimwambia angoje.

"Mimi najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Najua wewe ulijua. Zile kadi nyeupe nilishika mbili tu. Nilirudi nyumbani nikafikiri, Ijumaa ticha atamwambia mjomba. Nilingoja useme. Wewe ukasema nasoma. Basi nikaona ni siri, yako na yangu." Alimtajia mteja bei ya sukari. "Kule Arua walimu waliniuliza, ticha wako wa Koboko alikufundisha nini? Nikasema alinifundisha vizuri, mimi ndiye nimesahau. Nilisema hivyo mwaka wote. Walinichapa kwa sababu ya kusahau."

Nilianza kuomba radhi. Kilitoka kile Kiswahili changu cha kitabu, kikiwa na vishazi vyake vyote.

"Iache, ticha," akasema, bila ukali. "Sikufa. Nilikaa na watoto wadogo, nililia, nikasoma. Kama ungesema hapana, pengine ningebaki kupanga dagaa mpaka leo, pengine ningesoma hapo hapo na wale wengine. Hiyo nimeifikiria sana, haina jibu. Lakini mimi nilikuwa na miaka sita. Wewe ulikuwa na kumi na tisa."

"Ndiyo."

"Sawa. Jumamosi naleta mutoto. Utamwangalia. Kama hapana jua kusoma, unaniambia mimi mama yake kwamba hapana jua. Si mwisho wa likizo. Siku ile ile."

"Siku ile ile," nikasema.

"Na yeye mwenyewe unamwambia, anasikia. Sitaki mutoto wangu ashike siri ya mutu mukubwa."

Nikamwambia waje saa tatu asubuhi, nitakuwa nyumbani.